Sensa ya spidi ya Noah imekufa: je, ya Corolla itafaa?

*“Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Chumbageni hapa Tanga na nafundisha Muheza. Kila siku ya kazi nakwenda na kurudi, kama kilomita 35 kila upande. Natumia Noah ya zamani, SR40, otomatiki. Mwezi uliopita mshale wa spidi ulianza kurukaruka na kuanguka sifuri, hasa asubuhi. Wiki tatu zilizopita ukalala moja kwa moja, na kilomita nazo hazihesabu tena. Siku nyingine nikikaribia kusimama gari linataka kuzima. Fundi wa Ngamiani kasema ni sensa ya spidi, na kwa kuwa ya Noah hajaipata, anataka kunifungia ya Corolla aliyoitoa kwenye gari lililopata ajali. Anasema sensa za Toyota zote ni moja, bolti ikiingia imeingia. Shemeji yangu anasema nikithubutu itaunguza kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, bora ninunue dashibodi nzima. Nimsikilize nani? Na nikiendesha hivi hivi bila mshale kuna ubaya?”*

Marahaba, mwalimu. Fundi wako ana nusu ya ukweli, shemeji yako ana robo, na kuna swali moja ambalo kati yenu watatu sioni aliyeliuliza: ni nani aliyepima akathibitisha kwamba sensa ndiyo iliyokufa? Nitalirudia, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Lakini kwanza nikueleze hiyo sensa inafanya nini. Ukishaielewa, utaweza kukaa na fundi yeyote na kumuuliza maswali ya maana.

Mfikirie karani wa bandarini anayehesabu marobota ya mkonge yanapopita mlangoni. Yeye hajui meli inakwenda wapi wala shehena ina uzito gani. Kila robota likipita anapiga mstari mmoja kwenye daftari, basi. Aliye ofisini ndiye anayejua kwamba mistari kadhaa ni tani moja. Sensa ya spidi ndiye huyo karani. Haijui kilomita wala mwendo. Inapiga mistari tu, na dashibodi ndiyo inayoigeuza mistari hiyo kuwa namba unayoisoma.

Katika gari la aina yako, shafti inayotoka gia boksi kwenda magurudumuni ina meno. Meno hayo yanakamatana na gia ndogo ya plastiki iliyo kwenye mkia wa sensa. Gari likitembea, gia ya plastiki inazunguka na kuizungusha sumaku iliyomo ndani ya sensa, na kila ncha ya sumaku ikipita, umeme kwenye waya wa ishara unashuka na kupanda. Hilo ni pigo moja. Toyota nyingi za enzi hizo zinatoa mapigo manne kwa kila mzunguko mmoja wa mkia. Kipimo hiki kilirithiwa kutoka enzi za kebo ya spidi, ambapo Wajapani waliweka kanuni kwamba kebo izunguke mara 637 kwa kila kilomita. Zidisha kwa nne, unapata mapigo 2,548. Dashibodi ya namna hiyo imetoka kiwandani ikiamini kwamba mapigo 2,548 ni kilomita moja. Umletee karani anayepiga mistari miwili kwa kila robota, ofisini wataandika shehena mara mbili na hawatagundua kosa.

Ndiyo maana maneno ya “bolti ikiingia imeingia” hayatoshi. Bolti inakuambia sensa itakaa kwenye tundu lake. Haikuambii itahesabu nini.

Sasa turudi kwenye lile swali. Umesema mshale ulianza kwa kurukaruka, na hasa asubuhi. Sentensi hiyo kwangu ina uzito kuliko yote uliyoandika. Sensa ikifa yenyewe mara nyingi hufa moja kwa moja, au husumbua ikishapata moto. Hitilafu ya asubuhi, gari likiwa limelala nje na umande wa pwani, inanipeleka kwanza kwenye plagi. Tanga hii tunakaa na chumvi hewani. Nimeshafungua plagi za sensa za magari yanayolala karibu na Raskazone nikakuta pini ya katikati imevaa unga wa kijani, laini kama uliotoka kwenye sarafu ya zamani, na ukiigusa kwa ncha ya bisibisi inavunjika. Sensa yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Dawa ilikuwa kubadilisha pini, kusafisha, kupaka grisi ya umeme na kurudisha mpira wa plagi uliokuwa umepotea. Angalia pia kama kuna oili ndani ya plagi. Sili ya ndani ya sensa ikiliwa, oili ya gia boksi hupanda taratibu na kutokea humo.

Hivi ndivyo ninavyotaka fundi wako apime kabla hajafungua kitu. Aanze na fyuzi, hasa ile iliyoandikwa GAUGE. Ikiwa imekatika, kwa kawaida utaona na vitu vingine vya dashibodi vimekufa pamoja na mshale, kwa hiyo kama geji ya mafuta na ya joto zinafanya kazi, sitarajii iwe hiyo. Halafu achomoe plagi ya sensa, swichi ikiwa ON na injini imezimwa, apime nyaya tatu kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Mmoja uwe na umeme wa betri, karibu volti 12. Mmoja uwe eathi safi. Wa tatu ni waya wa ishara, na hapa mafundi wengi wanapotea njia: waya huo nao unatakiwa uwe na umeme, volti 5 au 12 kutegemea gari, kwa sababu umeme wake unatoka dashibodi. Sensa kazi yake ni kuuvuta chini kwenda eathi na kuuachia, kuuvuta na kuuachia. Ukikuta waya wa ishara una sifuri plagi ikiwa imechomolewa, shida iko kati ya plagi na dashibodi, na hata ufunge sensa mpya kumi, mshale utabaki umelala.

Nyaya zikiwa sawa, plagi irudishwe na gari liinuliwe gurudumu moja la nyuma. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake hapana, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kigingi au mawe. Gia iwe N, breki ya mkono iachiwe, gurudumu lizungushwe polepole kwa mkono huku multimita ikiguswa kwenye waya wa ishara kwa nyuma ya plagi. Namba inatakiwa iruke: juu, chini, juu, chini. Ikiruka vizuri, sensa iko hai na tatizo liko mbele yake, upande wa dashibodi. Isiporuka, sensa itolewe, iachwe kwenye plagi yake, na mkia wake uzungushwe kwa vidole. Ikianza kuruka mkononi, sensa ni nzima na kilichokufa ni ile gia ya plastiki iliyolika meno. Isiporuka hata hapo, sasa ndiyo tuseme sensa imekufa, na mazungumzo ya Corolla yaanze. Kazi yote hiyo haizidi nusu saa. Na wewe msomaji mwingine, kama Noah yako ni ile ya kuvuta magurudumu yote manne, usiruhusu jaribio la kuinua gurudumu moja. Mwambie fundi aende moja kwa moja kwenye kuitoa sensa na kuizungusha mkononi.

Tuseme basi imepimwa na kweli imekufa. Je, ya Corolla inafaa?

Inawezekana kabisa ikafaa, na hapo ndipo fundi wako alipo na haki. Toyota walitumia sensa moja kwenye magari mengi tofauti. Angalia ubavuni mwa sensa utakuta namba. Sensa za spidi za Toyota za aina hii namba ya spea huanza na 83181, ikifuatiwa na tarakimu nyingine tano. Namba zote zikilingana, ni kitu kilekile, hata kama kimoja kilikuwa kwenye Corolla na kingine kwenye Noah. Zikitofautiana hizo tarakimu za mwisho, usikubali kwa maneno. Muuza spea mwenye kitabu au programu ya spea ataingiza namba ya chesisi ya gari lako na kukuambia ni ipi hasa inayotakiwa, na kama namba ya zamani imebadilishwa na mpya atakuonyesha. Hilo ni jambo la dakika tano, na ndilo jibu la uhakika kuliko jibu langu au la fundi yeyote anayekisia kwa macho.

Lakini hata namba zikilingana kuna mtego, na naomba uusome kwa makini. Gia ya plastiki ni kitu kingine, haihesabiwi kuwa sehemu ya sensa. Corolla huvutwa na magurudumu ya mbele, Noah yako inasukumwa na ya nyuma. Gia boksi zake ni mbili tofauti, difu zake zina uwiano tofauti, na matairi si saizi moja. Kiwanda kinaweka gia ya plastiki yenye idadi ya meno inayorekebisha tofauti hizo zote ili mwisho wa hesabu kilomita moja ibaki kilomita moja. Kwa hiyo gia inabaki na gari, sensa ndiyo inayohama. Fundi achomoe gia kutoka kwenye sensa yako ya zamani aivishe kwenye hiyo ya Corolla. Akiifunga na gia yake ya Corolla, la kwanza linaloweza kutokea ni meno kutokukamatana sawasawa, kwa kuwa mkato wake umelala kwa pembe tofauti, na gia itasagika na kumwaga unga wa plastiki ndani ya gia boksi. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: itakamatana, mshale utaamka, na utasema uongo.

Nikupe mfano wa hesabu, maana wewe ni mwalimu. Chukua gari linalotakiwa gia ya meno 33, likafungwa ya meno 36. Gia yenye meno mengi huzunguka polepole zaidi. Mshale utaonyesha 33 kugawanya kwa 36 ya mwendo wa kweli, yaani kama asilimia 92. Dereva akitazama mshale akaona 80, kwa kweli anakwenda 87. Akipita kwenye kibao cha 50 akiwa na 50 safi kwenye dashibodi, tochi ya trafiki itasoma 54 au 55, na hakuna hoja atakayoitoa pale barabarani ikasikilizwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na watengeneza magari wengi, hairuhusu kabisa mshale kuonyesha chini ya mwendo halisi. Kuzidisha inaruhusu, hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Gari linalokwenda 80 linaweza kuonyesha hadi 92 na likawa halina kosa. Kosa la kuonyesha pungufu ndilo ninaloliogopa. Mshale uliokufa, wewe unajua umekufa, unakuwa mwangalifu. Unaodanganya unauamini, na ndani ya gari kuna watoto wa shule uliowapa lifti.

Nilishapokea gari la namna hiyo. Mwenyewe alikuja kulalamikia mafuta, kwamba gari limeanza kunywa kupita kiasi tangu atengenezewe spidi. Injini haikuwa na tatizo lolote. Kilomita zilikuwa zinahesabiwa pungufu, kwa hiyo kila lita ilionekana imempeleka karibu. Tulipotoa sensa tukakuta gia ya rangi nyingine kabisa na ile ya awali, na ile ya awali ilikuwa imeshatupwa.

Kuna tofauti ya pili ya kuchunga, nayo ni idadi ya nyaya. Nilichoeleza hapo juu ni sensa ya nyaya tatu. Zipo za nyaya mbili, ambazo ni koili na sumaku tu, zinazalisha umeme wake zenyewe na nguvu ya umeme huo hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Hizi mbili hazibadilishani hata kidogo, na kwenye gia boksi nyingine za otomatiki utazikuta zote mbili zimekaa jirani. Hakikisha fundi anagusa iliyo sahihi. Plagi ikikataa kuingia, isilazimishwe, na kwa heshima zote mwambie hapana mtu yeyote anayetaka kukata waya ili aunge plagi ya Corolla. Mpangilio wa pini ukiwa tofauti, umeme unaweza kuingia kwenye eathi.

Hapo ndipo shemeji yako ana robo yake ya ukweli. Pini zikipishana, mara nyingi kinachokufa ni sensa yenyewe au fyuzi inakatika, na kontroli boksi hupona; lakini sitaki ulifanye gari lako uwanja wa kujaribia. Sensa yenye namba ileile na plagi ileile haiwezi kuunguza kitu, mwondoe hofu. Na dashibodi nzima ya nini? Dashibodi ingeshukiwa kama kilomita zingekuwa zinahesabu huku mshale umelala, au kama kipimo cha multimita kingeonyesha ishara inafika kwake vizuri. Ukinunua ya mtumba sasa hivi utakuwa umenunua kilomita za gari la mtu mwingine, na kama tatizo ni ile pini ya kijani, utabaki nalo.

Ukiniuliza kwa utaratibu wangu: pima kwanza, ikiwa ni plagi au gia, tengeneza hicho tu, ikiwa ni sensa, tafuta yenye namba yako, mpya ukiweza, ya mtumba yenye namba ileile ukishindwa, hata iwe imetoka Corolla. Sensa yenye namba tofauti ningeifunga pale tu muuza spea atakapothibitisha kwamba inatoa mapigo yaleyale. Kuna na vifaa vya elektroniki vya kugawanya au kuzidisha mapigo, vinafanya kazi vizuri mikononi mwa anayevijua, lakini kwa gari lako naona ni kujitafutia shida mpya.

Siku ya kufunga, simama karibu uangalie mambo machache. Waya hasi wa betri utolewe. Kuzunguka tundu la sensa pasafishwe kwanza kwa brashi, ili mchanga usidondoke ndani ya gia boksi sensa ikitoka. Oringi, ule mpira wa duara unaozuia oili, iwe mpya na ipakwe oili. Bolti isikazwe kwa hasira. Inashika kitu chepesi na alumini haisamehe.

Baada ya hapo lijaribu. Mpe mtu simu yenye GPS akae kando yako, wewe usiishike, na mkishapita Pongwe panaponyooka shikilia 60 kwenye mshale kwa dakika moja. Simu ikisoma 55 hadi 60, uko salama. Ikisoma zaidi ya 60, rudi kwa fundi. Pima na umbali: kilomita 10 za simu zilingane na za dashibodi, tofauti ya mia chache za mita isikusumbue. Ukirudi nyumbani egesha juu ya boksi lililofunguliwa, asubuhi uangalie kama kuna tone la oili.

Kuhusu kuzima unapokaribia kusimama: kompyuta ya injini hutumia ishara ya spidi kujua kwamba gari linapungua mwendo ili ishike sailensa vizuri, yaani injini ingurume taratibu bila kuzima, kwa hiyo inaweza kuwa ni jambo hilohilo. Likiendelea baada ya mshale kupona, basi huenda mlango wa hewa wa injini umejaa masizi, usafishwe. Taa ya cheki injini ikiwaka, mashine inaweza kusoma P0500, au kodi 42 kwa Toyota za zamani zinazohesabu kwa kuwasha na kuzima taa. Kumbuka kodi hizo husema “sioni ishara ya spidi”. Hazisemi sensa imekufa.

Unaweza kuendesha siku chache ukiwa na simu ya kukuonyesha mwendo, imefungwa kwenye kishikio. Lakini gari lianze kubadilisha gia kwa kishindo, likatae kuingia gia ya juu, taa ya O/D OFF (ya gia ya juu) iwe inawaka na kuzima, au taa ya ABS (ya breki) iwake huku mshale umelala, hapo usisubiri Jumamosi. Lipeleke kwa fundi wa gia boksi au fundi umeme mwenye mashine, alione mwenyewe, kwa sababu dalili hizo siwezi kuzitibu kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni hesabu za oili. Wiki tatu za kazi ni siku 15, kila siku kilomita 70: gari lako limetembea kama kilomita 1,050 ambazo dashibodi haikuziandika, bila kutia safari za sokoni. Kwenye kile kikaratasi cha servisi kinachoning'inia injini, punguza 1,050 kutoka kwenye kilomita zilizoandikwa za kumwaga oili tena. Na gia ya zamani ya plastiki, hata ikiwa imelika, ichukue uihifadhi kwenye droo ya gari. Hesabu ya meno yake ndiyo utakayohitaji kuipeleka dukani.